Darasa la likizo la mabango ya thrila hapa Mombasa, nlivyoliona mimi mzazi

Haya jamani, nliahidi nikimaliza ntaandika, leo Jumapili duka langu la leso, yaani kanga, limefungwa, nimekaa na chai yangu ya tangawizi, wacha niandike yote kwa mara moja, maana mmeniuliza wengi inboksi kuhusu lile darasa la likizo ya Aprili la kuchora mabango ya filamu za thrila, zile za kukuweka roho juu, nlilompeleka binti yangu, ni zuri ama ni la kula pesa za watu, na kujibu mmoja mmoja siwezi. Hilo duka la kuprinti lililoweka darasa silitaji jina, kuna jambo walinikosea na tukalimaliza vizuri kwa kuzungumza, sasa sitaki mtu aje asome nusu amharibie kijana wa watu riziki. Anayelitaka aje dukani kwangu Biashara Street ntamwelekeza.

Kwanza nlifikaje huko. Binti yangu ana miaka 14. Huyu ni mtoto aliyekuwa akija dukani akitoka shule, anasimama kando ya kaunta anawasomea wateja majina ya leso kwa sauti, wengine wananunua kwa sababu yake tu. Disemba nkampa simu yangu ya zamani na mtoto akawa mwengine. Si kwamba amekuwa na adabu mbaya, la, amekuwa kimya. Tukila simu iko chini ya meza. Usiku chandarua kimeshushwa, taa imezimwa, nikipita koridoni naona mwangaza wa bluu ndani ya chandarua kama kuna samaki wa kwenye tangi mle ndani, saa saba usiku, saa nane. Asubuhi macho mekundu, hamri hataki, mbaazi hataki.

Siku moja nkamkuta analia. Namuuliza nini mamangu, haniambii, mwisho ananionyesha simu, ujumbe aliomtumia rafiki yake tangu jana, tiki mbili za bluu, amesoma, hajajibu. Ulimi ulikuwa uko tayari kumwambia hicho si kitu cha kuliliwa, nkajizuia, kwa sababu mimi mwenyewe mteja akiniagiza doti kumi za leso, nimtumie bei, asome anyamaze, siku nzima roho yangu haitulii. Na mimi ni mtu mzima nina miaka 41. Sasa mtoto?

Babake alitaka kuichukua ile simu aifungie kabatini. Mimi nkamwambia ngoja kwanza. Wiki hiyohiyo nlikuwa nimepeleka kazi ya kuprinti risiti, nkaona karatasi imebandikwa mlangoni, Likizo hii chora bango la filamu ya thrila kuhusu simu yako, miaka 13 hadi 17, siku tano, shilingi 3,500 pamoja na printi moja ya A3. Nkaisoma mara mbili. Kuhusu simu yako. Nkasema huyu aliyeandika hivi anajua anaongea na nani.

Pahali penyewe ni ghorofa ya kwanza, mitaa ya nyuma ya soko la Marikiti, chini wanaprinti kadi za harusi na fulana na mabango ya wanasiasa, juu kuna chumba kimoja kirefu, meza moja, feni mbili, madirisha wazi, harufu ya inki na karatasi ya moto inachanganyika na iliki na bizari zinazopanda kutoka sokoni. Watoto walikuwa 11 na laptopu 6. Hilo nalisema mapema kabisa, halikunifurahisha, mtu amelipa 3,500 mtoto anasubiri zamu, na joto la Aprili mnalijua. Siku ya pili mmoja alileta laptopu ya kakake, wengine wakatumia Canva, programu ya kuchorea, kwenye simu, wakajipanga, lakini wenye darasa wangelisema tangu mwanzo.

Mwalimu ni kijana mdogo, hata 30 sidhani kama amefika. Siku ya kwanza nlikaa nyuma kabisa, mimi simwachi mtoto wa kike mahali sipajui, na hakuna aliyenikunjia uso. Nlidhani ataanza na hotuba ya simu mbaya, mitandao mbaya, zile watoto washazisikia shuleni na msikitini na nyumbani mpaka masikio yamekufa ganzi. Hakutaja simu kabisa. Aliwaambia wafumbe macho, akaweka bango ukutani, fumbueni, moja mbili tatu, fumbeni, haya mmeona nini?

La kwanza lilikuwa la filamu ya Vertigo ya mwaka 1958, kazi ya Saul Bass, mbunifu wa mabango Mmarekani. Rangi ya chungwa tupu, mistari myeupe inazunguka kama maji yakiingia shimoni, katikati mtu mweusi anaanguka. Hakuna damu, kisu wala sura ya kutisha, na watoto wote wameshika kitu kilekile ndani ya sekunde tatu, kizunguzungu, mtu anaanguka. Akawaambia bango la thrila halikuonyeshi jambo lenyewe, linakuonyesha dakika moja kabla. Mlango uliofunguka kidogo. Kiti kilichovutwa na hakuna mtu. Rangi chache, mbili tatu basi. Nafasi kubwa iliyoachwa tupu, kwa sababu jicho likikuta patupu linaanza kutafuta, na likianza kutafuta ndio hofu inaingia. Jina la filamu lisomeke ukiwa ng'ambo ya barabara, zile herufi nyembamba za majina ya waigizaji zikae chini kabisa kwa upole.

Hapo mimi nkashindwa kunyamaza. Nkanyoosha mkono kama mwanafunzi nkasema mwanangu, hiyo ni leso. Akaniuliza vipi mama. Nkavua leso niliyojitanda nkaitandaza pale mezani. Leso ina pindo, ule ukingo unaozunguka pande zote nne, halafu ina mji, pale katikati ndipo jicho linapofikia, halafu ina jina, maneno machache tu, na jina likiwa refu sana leso hainunuliki. Ile niliyokuwa nayo imeandikwa Japo sipati tamaa sikati. Maneno manne na stori nzima iko ndani, nani hapati, hapati nini, kwa nini hakati tamaa, hujaambiwa, unabaki unafikiria. Yule kijana akapiga picha ile leso, na siku zote tano alipokuwa akiwasahihisha alikuwa akiwauliza, mji wako uko wapi? Jina lako linasomeka? Binti yangu alikuwa ameinamisha uso kwa haya, lakini nlimwona anatabasamu.

Sasa siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Sikuwa pale, alinisimulia yeye jioni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Disemba anisimulie kitu nusu saa bila kushika simu. Mwalimu aliwaambia toeni simu zenu, wekeni mezani, fungueni kioo, zitazameni kama mlivyotazama mabango jana. Jicho lako limeenda wapi kwanza? Wote, kwenye nukta nyekundu. Kwa nini ni nyekundu? Nani ameiweka pale? Angelipaka kijivu ungeiona? Mtoto mmoja akasema, ticha, kumbe na hii imechorwa.

Basi hapo wakaanza kuifumua simu uzi kwa uzi. Kule kuskroli bila kufika chini, ukurasa usioisha, kulibuniwa na mtu, mbunifu wa programu anaitwa Aza Raskin, mwaka 2006, na mwenyewe ametoka hadharani kusema anajuta. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, sinema taa zinawashwa, hata feri ya Likoni inafika ng'ambo watu washuke, hii haina ng'ambo. Kitufe cha laiki cha Facebook kilikuja 2009, kabla ya hapo kwenye Facebook ulikuwa unaweka picha na watu wanaandika neno au wananyamaza, hakukuwa na namba ya kukuambia unapendwa kiasi gani. Zile tiki za bluu zenyewe WhatsApp walizileta Novemba 2014. Yaani binti yangu alikuwa keshazaliwa, jambo lililomliza ni dogo kwa umri kuliko yeye mwenyewe.

Halafu akawaeleza kwamba mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, ndio wenye Instagram pia, alitoa karatasi za ndani za kampuni, na mle ndani watafiti wao wenyewe walikuwa wameandika kwamba kwa msichana mmoja kati ya watatu Instagram inazidisha vibaya anavyouona mwili wake. Na Mei 2023 daktari mkuu wa Marekani, Vivek Murthy, akatoa tahadhari rasmi kwamba vijana wanaopitisha zaidi ya saa 3 kwa siku kwenye mitandao wana hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, huzuni na wasiwasi. Binti yangu akafungua simu yake pale mezani kuangalia saa zake. Hakuniambia ngapi, alisema tu, mama, ni zaidi.

Nlichopenda ni kwamba hakuwaacha na hofu tupu. Aliwauliza pia simu inawapa nini kizuri, na ikabidi kila mtu aseme. Mmoja ana binamu zake Maskati na ndio njia pekee ya kuwaona. Mmoja ana kigugumizi na kwenye kuandika anaongea sawa na wenzake. Ile tahadhari ya Murthy yenyewe inasema hivyo, kuna wanaopata watu wa kuwafaa huko. Mtoto ukimwambia kila kitu huko ni sumu na yeye anajua ana rafiki wa kweli kule, hakuamini tena hata kwa lile la kweli.

Siku ya tatu na ya nne wakachora. Kuna mvulana wa Likoni alichora feri imejaa, vichwa vyote vimeinama, kila kidevu kina mwanga mdogo wa simu, mtoto mmoja tu ameinua uso anatazama maji, na kwenye maji hakuna kitu, weusi tu, lakini macho ya yule mtoto yameona. Jina, FERI YA MWISHO. Mimi ni mtu wa kupanda feri hiyo kila mwisho wa mwezi kwenda kwa mamangu, nlipoiona nywele zilinisimama.

Na la binti yangu. Alichora chandarua. Kutoka juu, kama mtu ameegemea dari anatazama chini, kitanda, chandarua kimetandazwa pande zote, na zile nyuzi zake amezipinda kidogo kidogo kuelekea katikati mpaka ukitazama sana unaona ni utando wa buibui, na katikati pale, kwenye mji wa leso, kuna uso wa msichana unaomulikwa na simu kutoka chini, kivuli cha pua kimepanda juu mpaka kwenye paji. Buibui hakumchora. Ameacha pembe moja ya juu tupu, na nyuzi za upande huo zimebonyea kama kuna kitu kizito kimezikanyaga. Jina, TIKI MBILI. Chini yake maneno madogo, Amesoma. Nlikaa na lile bango kwenye laptopu muda mrefu. Nlikuwa nikiuona ule mwangaza kila usiku kutoka koridoni na sikujua kwamba kutoka ndani unaonekana hivyo.

Kuprinti ndiko kulikowapa kazi, na hapa niwasifu sana kwa sababu ni watu wanaoijua kazi yao. Printi ya kwanza ilitoka nyeusi tii, uso hauonekani, binti akataka kulia. Mwalimu akawaita wote. Skrini ina taa yake yenyewe ndani, karatasi haina taa, inangoja mwanga wa chumba, kwa hiyo thrila yoyote iliyo nzuri kwenye laptopu ikienda kwenye karatasi inazama. Tena skrini inachanganya nyekundu, kijani na bluu, printa inachanganya samawati, majenta, manjano na nyeusi, na ile bluu kali ya simu printa haiwezi kuitoa ilivyo, haimo kwenye inki zake. Dawa yake si kuongeza bluu. Wakapandisha mwanga wa uso, wakaupooza usiku wote wa pembeni ukawa wa kikahawia, na ile bluu kidogo iliyobaki ikang'aa yenyewe kwa sababu imezungukwa na rangi isiyofanana nayo. Sisi wa vitambaa hilo twalijua, kijani cha leso kinawaka ukikiweka kando ya nyekundu.

Mkienda na kazi zenu mushike mawili haya yatawaokolea pesa. A3 safi inataka pikseli 3,508 kwa 4,961, na picha usiitume kwa WhatsApp kama picha, inabanwa inatoka na ukungu, itume kama faili ama ipeleke kwa flashi. Na rangi ya nyuma ipitilize ukingo milimita 3 kila upande, kisu kikikata kisikuachie mstari mweupe.

Sasa walilonikosea. Alhamisi jioni wakawaambia watoto, wekeni mabango yenu Instagram, litakalopata laiki nyingi mpaka kesho saa tatu asubuhi linapata zawadi, printi kubwa ya A1 bure. Mimi sina habari. Saa nane usiku naamka naenda kunywa maji, naona mwangaza uleule ndani ya chandarua. Nkaingia. Amekaa kitako, simu mkononi, ana laiki 43, wa feri ana 210, na ananiambia mama langu ni baya, langu ni baya, watu hawalipendi. Bango lile. Bango linalozungumza jambo hilohilo, na limemrudisha palepale alipolichorea. Wallahi niliumia, sikulala tena mpaka adhana ya alfajiri.

Saa mbili asubuhi nlikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Sikupiga kelele. Nlimwambia mwanangu, kazi yako ni nzuri na nimewasifia watu, lakini jana usiku umemchukua mtoto wangu ukamrudisha ndani ya utando aliouchora mwenyewe. Nkamsimulia. Alikaa kwenye ile ngazi akashika kichwa, akaniambia mama, mwenye duka alisema itatutangaza, nami nkakubali sikufikiria. Akaomba msamaha, si kwangu peke yangu, watoto walipofika aliwaambia wote, nimekosea, yale mashindano yamefutwa, ambaye anataka kufuta posti yake afute na ambaye anataka kuiacha aiache. Yule wa feri ilibidi apewe A1 yake kwa sababu aliahidiwa, na ilikuwa haki yake, mtoto hana kosa.

Badala ya laiki wakafanya jambo ambalo kama wangelifanya tangu mwanzo nisingekuwa na la kulalamika. Mchana mabango yote 11 yakatundikwa chini, ukutani, pale wapitapo watu wa Marikiti na vikapu vyao, watoto wakaambiwa simameni kando msiseme ni la nani, sikilizeni tu. Mama mmoja na mfuko wa embe alisimama kwenye feri akavuta leso yake mabegani. Vijana wa mkokoteni walisimama. Halafu akaja mzee wa kanzu, fimbo mkononi, akatazama TIKI MBILI, akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, akamuuliza mwenye duka, "Huyu mtoto mbona halali?"

Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Alinishika mkono kwa nguvu.

Kwa hiyo, mpelekeni mtoto ama msimpeleke? Mpelekeni. Kwa 3,500 amejifunza kazi ya mkono ambayo mtu anaweza kula nayo, na amejua kuitazama simu kama kitu kilichochorwa na watu wanaotaka jicho lake. Lakini ulizeni mapema laptopu ni ngapi, na ulizeni kama kuna mashindano ya laiki, mkiambiwa yapo kataeni. Na darasa si daktari. Mtoto akiwa hali, halali, anajitenga wiki baada ya wiki, bango halitoshi, tafuteni msaada, namba 116 ya Childline ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mumeniuliza amebadilika? Siwadanganyi, si kila siku. Tiki za bluu amezizima mwenyewe, sikumwambia. Simu inalala sebuleni siku za shule, wikendi bado twavutana. Hamri anakula. Agosti anataka kurudi, na nishamwambia yule kijana laptopu zikiwa 6 tena simleti.

Bango lake liko dukani kwangu nyuma ya kaunta, katikati ya leso, mkija mtaliona.